Atokaye Njia Ndogo na Asubiri



Sisi wa Magoma tukienda Korogwe, barabara yetu hutufikisha penye barabara kuu itokayo Segera kwenda Mombo, Same na Moshi. Hapo hupita mabasi ya Dar es Salaam na Arusha, malori ya shehena, na pikipiki nyingi. Sheria ya mahali hapo kila dereva aijua: aliye katika barabara kuu ndiye mwenye haki ya kupita. Atokaye njia ndogo husimama, hutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, ndipo aingie.

Huenda mtu akasema hayo ni mambo ya polisi, si ya kanisa. Nasi tulidhani hivyo.

Siku moja tulikuwa ndani ya gari la abiria, twawahi maziko. Tulipofika penye barabara kuu dereva alisimama. Magari yakapita, naye akasubiri. Ndipo sisi tuliokaa nyuma tukaanza: "Ingia, mwanangu! Wangoja nini? Watazika bila sisi!" Kijana yule akaona haya, akaingia. Mara lori likatokea kulia, likapiga honi, likatukosa kwa kadiri ya mkono mmoja. Tulifika, tukazika. Jumapili tukatoa sadaka ya shukrani. Lakini, wapendwa, hatukutubu. Tulimshukuru Mungu kwa kutuokoa na dereva mzembe, wala hatukukiri kwamba uzembe ule tulimfundisha sisi wenyewe.

Tufanye hesabu, kama tulivyozoea darasani. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 hivi kila sekunde. Pikipiki iliyobeba abiria na gunia la mahindi ikichukua sekunde 5 kuingia na kushika mwendo, gari lile limekwisha kuja mita 110, kama urefu wa kiwanja cha mpira. Jicho lasema, "Liko mbali." Hesabu yasema, "Limefika." Tena lori lenye mzigo halisimami kwa sababu wewe umeinua mkono.

Wilaya yetu yajua gharama ya kutosubiri. Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, huko Magira Gereza, lori aina ya Fuso liligongana na Coaster iliyochukua maiti na waombolezaji kwenda kuzika Kilimanjaro. Watu zaidi ya 15 walikufa. Ilielezwa kwamba lori lilikuwa likijaribu kulipita gari jingine. Wale waliokwenda kuzika, wao nao wakazikwa.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba ajengaye nyumba aweke ukingo juu ya dari yake, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Mwenye nyumba aliijua dari yake hata gizani. Ukingo ulikuwa kwa ajili ya mgeni na mtoto. Basi, kusimama penye njia panda ndiko kujenga ukingo. Twamjengea mtu tusiyemjua jina, anayekuja juu ya baiskeli nyuma ya lori, au mama avukaye na mtoto mgongoni. Kumbe amri isemayo "Usiue" hushikwa hata kwa mguu juu ya breki.

Tena asione haya anayesubiri. Bwana wetu, katika Luka 14, alimsifu mgeni achaguaye kiti cha nyuma karamuni. Hakupungukiwa na heshima, bali aliongezewa.

Kwa hiyo twaomba mambo mawili. Ninyi vijana wetu wa bodaboda na madereva, simameni kabisa, magurudumu yatulie, mtazame pande zote. Ikiwa una shaka, acha lipite. Jingine likija, acha lipite nalo. Kawia ufike. Nasi abiria, hasa wazee tunaosikilizwa, tufunge midomo yetu penye njia panda, na dereva akisubiri, tumwambie, "Ahsante, mwanangu." Neno hilo moja laweza kuokoa nyumba nzima.

Ee Bwana, utusamehe damu ambayo nusura tuimwage kwa haraka zetu. Uwalinde wote wasafirio, utupe moyo wa kumngoja jirani yetu, kama wewe unavyotungoja sisi. Amina.