Usikate Kabla ya Kugonga

Mpwa wangu, keti. Kila ukija kuniomba mashine ya kuchomelea nakwambia ngoja, na najua unaona ni uchoyo wa mzee. Nimechoka, magoti nayo yananisuta, lakini mjomba hawezi kumtazama mwana wa dada yake akilikata gari lake katikati asimwambie neno.

Hiyo Ford Capri uliyoitoa Afrika Kusini ni gari zuri, sikatai, ingawa sijui nani alikudanganya kwamba hapa kwetu Palma kuna barabara yake. Unalalamika nyuma inaruka. Ni kweli inaruka. Ekseli ya nyuma ni chuma kimoja kizima, difu imo tumboni mwake, na yote imelala juu ya springi za mabapa. Ni mzega: ncha moja ikipanda, ya pili haina raha. Gurudumu la kushoto likiingia shimoni, la kulia nalo linayumba, na uzito wote wa difu unapanda na kushuka pamoja nayo. Kwenye sasipensheni huru, difu inafungwa kwenye bodi, inatulia, na kila gurudumu linapambana na shimo lake peke yake. Mpaka hapo una haki, sikubishii.

Juzi ulinitajia Safari Rally. Vizuri, hiyo mimi nilikuwa naifuata redioni mama yako hajaolewa. Ulinihesabia: Edgar Herrmann alishinda 1970 kwa Datsun 1600 SSS, na 1971 kwa Datsun 240Z. Shekhar Mehta akaja na 240Z mwaka 1973. Zote nyuma huru. Mbona 1972 uliiruka? Mwaka huo alishinda Hannu Mikkola kwa Ford Escort, ndugu wa damu wa Capri yako, ekseli nzima na springi za mabapa. Joginder Singh naye, 1974 na 1976, alikuwa na Mitsubishi Lancer ya ekseli nzima. Na watu wa Peugeot, 504 ya saluni waliipa nyuma huru, ya pikapu wakaiachia ekseli, maana walijua ipi itabebeshwa magunia. Datsun ilizaliwa na nyuma huru, mwanangu. Bati lake lilipangwa tangu kiwandani libebe mzigo ule pale unapoegemea.

Capri haina chesisi. Bodi ndiyo chesisi. Springi zake mbili zinaisukuma bodi mahali panne, na hapo kiwanda kilipaongezea nguvu. Wewe unataka kuninginiza sasipensheni ya nyuma ya Jaguar XJ6 mahali pengine kabisa, kwenye bati jembamba ambalo miaka yote hii limekunywa chumvi ya bahari. Tena kwa mashine ya vijiti inayoendeshwa na jenereta la jirani! Utatoboa kabla hujaunga.

Na huyo Jaguar wako unamjua? Mfumo ule walianza kuuuza 1961, na ni kazi ya mabingwa, nawavulia kofia. Lakini breki zake hazipo kwenye magurudumu, zimebanwa ubavuni mwa difu. Kubadilisha diski ushushe fremu nzima chini. Joto la breki linazichoma sili za difu, oili inavuja, inafika kwenye diski. Halafu XJ6 ni pana kuliko Capri, kwa hiyo mikono na shafti zote lazima zifupishwe. Hapa nisikilize vizuri. Kwenye Jaguar, shafti inayozungusha gurudumu ndiyo hiyo hiyo mkono wa juu unaolishika lisilale. Kiungo chako kikikatika njiani, hukosi mwendo tu. Gurudumu linalala, nawe umo ndani.

Sili ya gari la kawaida kama Hilux nitaipata hapa hapa, au Mocímboa, au kijana wa Mtwara atanivushia Rovuma. Sili ya Jaguar utaiagiza kwa nani? Tangu Palma iliposhambuliwa Machi 2021, waliokimbia kwa miguu kwenda Quitunda na waliokimbia kwa mashua wote wanajua kwamba gari la mtu wa Palma kazi yake ya kwanza ni kuweza kuondoka. Sitaki kulisema sana hilo. Unajua tulivyoachana siku ile.

Wamarekani wenyewe, na fedha zao, Mustang waliianza 1964 na ekseli nzima, wakakaa nayo mpaka toleo la 2015, ukitoa zile Cobra za 1999 hadi 2004. Ekseli yako inaruka ukikanyaga mafuta kwa sababu springi zinajipinda. Capri za mwanzo, za 1969, zilitoka na fimbo mbili za kuizuia ekseli, yako haina. Hizo fimbo tutazitengeneza. Tutaweka bushi mpya, shokapu mpya, na hiyo bapa iliyovunjika upande wa kulia, ambayo hukuiona kwa sababu ulikuwa unatazama simu, tutaibadilisha.

Ukishaiendesha hivyo masika yote na bado moyo wako uko kwa Jaguar, mashine ya kuchomelea ni yako. Kesho baada ya alfajiri njoo na jeki na nyundo ndogo. Tutainyanyua, wewe utalala chini, utagonga sakafu yote kuanzia kiti cha nyuma mpaka buti, na kila patakapotoa sauti ya bati bovu utapatia alama ya chaki.