Kiota na Kisiki

Je, ndege asiye na bei ana haki yo yote kwetu? Hapa Dilala twajiuliza neno hili tuonapo magunia ya makala yakitoka misitu ya miombo. Watu hawana budi kupika. Hatumlaumu mama mwenye watoto. Lakini kigogota hutoboa kiota chake ndani ya mti: mti ukianguka, makinda nayo huanguka.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, latupa shauri. Mtu akikuta kiota, aruhusiwa kutwaa makinda, ila mama yao amwache aende zake. Maana yake: twaa upate kuishi, lakini usiue chanzo cha uzima.

Hata miombo yafundisha hivyo. Ukikata mti na kuacha kisiki, huchipuka tena. Ukiking’oa, au ukiwasha tanuri juu yake, umemwua mama.

Basi, mkataji, acha visiki, acha na mti wenye kiota. Nawe kijana, weka manati chini majira ya kutaga. Sokoni shomoro walikuwa rahisi mno, lakini Bwana wetu alifundisha kwamba Mungu hamsahau hata mmoja (Luka 12:6). Nasi tusimsahau.