Mkalimani Awe Mwaminifu kwa Nani?

Waitaliano wana msemo kwamba mfasiri ni msaliti. Darasani, katika masomo yetu ya uzamili, tunaukumbuka tukijadili riwaya na mashairi, ambako anayesalitiwa ni mwandishi. Mahakamani anayeumia ni mwingine: bibi aliyekaa kwenye benchi, anayezungumza Kinyambo, anayesikia Kiswahili kwa shida na asiyejua Kiingereza kabisa.

Makosa mengine ni mepesi. Mwenye Kiingereza cha shuleni anaweza kutafsiri "without prejudice" kuwa "bila chuki". Sheria zetu husema "bila kuathiri", na mambo yanaisha. Kazi ngumu ni pale tafsiri inapokuwa sahihi na bado ikampotosha msikilizaji.

Kanuni za mirathi za sheria ya mila za mwaka 1963 zilisema mwanamke anaweza kupewa ardhi ya ukoo kwa "usufruct", ila asiiuze. Tafsiri yake ni "haki ya matumizi", nayo haina kosa. Lakini Karagwe na Kyerwa kibanja ni migomba, kahawa na makaburi ya wazee. Mwambie mwanamke aliyezaliwa humo kwamba ana haki ya kukitumia, ataondoka akiamini ni chake. Maana kulima, kuvuna na kuzika ndiyo maisha yake yote pale. Hatasikia kwamba mauzo na urithi vimebaki mikononi mwa wanaume wa ukoo.

Tofauti hiyo si ya vitabuni. Katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, mwanamke wa Kihaya, jirani zetu, alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza, ndugu wa ukoo akamshtaki. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kuwa ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Kesi nzima ilikaa katika ufa uliopo kati ya kutumia na kumiliki.

Mwaka 2021 Bunge lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Ni hatua kubwa. Lakini "haki ya matumizi" nayo ni Kiswahili, na bibi yetu bado hajaelewa.

Wapo watakaosema mkalimani akianza kufafanua anageuka wakili, na upande wa pili utaonewa. Hoja hiyo ina uzito. Mkalimani asishauri, asibembeleze, asionyeshe anamhurumia nani. Lakini akisema, "Utalima na kuvuna, hutauza," hajaongeza kitu. Yote hayo yamo ndani ya neno lile, na mwanasheria anayasikia bila kuelezwa.

Kwa hiyo nadhani uaminifu wa mkalimani ni kwa yule atakayefungwa na neno. Tunasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Bibi na mwanasheria wakitoka chumba kimoja wamesikia mambo mawili tofauti, usawa huo bado haujaanza.