Mkono Ulioombwa

Basoko ipo pale mto Aruwimi unapoingia katika mto Kongo, kilomita kama 200 chini ya Kisangani. Mji wa namna hii hupokea kila kitu kwa mto: samaki, mihogo, wageni, habari, na maradhi pia. Machi 2011 kipindupindu kilipozuka Kisangani, kilishuka na mitumbwi na mashua za balenieri mpaka Mbandaka, na kufikia Juni kilikuwa Kinshasa. Kilisafiri pamoja na wafanyabiashara, kikilala walikolala na kunywa walikokunywa.

Ugonjwa wa aina hiyo hospitali huutibu, lakini pa kuuzuia ni ufukweni. Asubuhi na mapema, kwenye kivuko ambako watu huchota maji, huwekwa kituo cha kutia dawa: meza, ndoo yenye maji ya klorini, bomba la sindano lisilo na ncha, na kijana mwenye fulana ya Msalaba Mwekundu. Mama anatua bidoni la lita 20. Kijana anavuta dawa mpaka kwenye mstari uliopimwa siku ile, anaimimina, anafunga kizibo, anatikisa, anamwambia mama asubiri nusu saa kabla ya kunywa. Kisha bidoni lingine, na lingine tena. Dawa ikipungua, kijidudu kinabaki. Ikizidi, maji yananuka na mama atayamwaga njiani, arudi kuchota ya mtoni. Kazi nzima imo katika kipimo hicho kidogo, na aliyekishika hana mshahara.

Ni nini kinachomweka pale? Wengi hujibu haraka kwamba ana moyo mwema. Jibu hilo si la uongo, lakini ni jepesi. Wema wa vijana hauzidi wa wazee wala haupungui. Wenye umri wa miaka 13 hadi 18 wana jambo jingine: nguvu zimewafika kabla ya nafasi. Mikono imekuwa ya mtu mzima, lakini nyumbani wanatumwa kama watoto, shuleni wanasikiliza, sokoni wanafukuzwa. Kwa umri huo mtu anataka sana kujua kama asipokuwepo pataonekana pengo. Mwambie kwamba bila yeye mabidoni haya yatakwenda nyumbani na kipindupindu, naye anaona kwa macho yake kwamba ni kweli, atarudi kesho bila kuitwa.

Haja hiyo ni ya zamani, na si ya Kongo peke yake. Tarehe 24 Juni 1859 majeshi yalipopigana Solferino, kaskazini mwa Italia, maelfu ya majeruhi waliletwa katika mji mdogo wa Castiglione. Mfanyabiashara wa Geneva, Henri Dunant, alikuwa amepita huko kwa shughuli zake, akabaki kusaidia. Kitabu alichokitoa mwaka 1862 juu ya siku zile kilizaa wazo la Msalaba Mwekundu, ulioanzishwa mwaka uliofuata. Wengi wanaolijua jina la Dunant hawajui kwamba wanawake wa mji ndio waliowauguza majeruhi wale, na kwamba wavulana wa mitaani walikimbia kwenda na kurudi kwenye chemchemi wakibeba maji kwa ndoo na mitungi. Chombo kikubwa cha huruma duniani kina watoto wabeba maji katika msingi wake. Hawakupewa semina. Waliona kiu, na chemchemi walikuwa wanaijua.

Hamu ya kijana ya kufaa, basi, ni mali. Na mali isiyo na mlinzi huchukuliwa na mwenye haraka. Historia ya mto huu inaonyesha ni akina nani waliokuwa na haraka.

Wa kwanza alikuwa mwenye amri. Katika Kongo ya Wabelgiji mkulima alilazimishwa kulima mazao aliyochaguliwa, siku 60 kila mwaka, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia siku zikaongezwa hadi 120. Kabla ya hapo kulikuwa na kazi ya lazima ya kukusanya mpira wa enzi ya mfalme Leopold, ambao wazee waliupokea kwa masimulizi ya baba zao. Uhuru ulipokuja, jembe la amri halikuzikwa. Katika miaka ya 1970 utawala wa Mobutu ulileta salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha na kulima, iliyotangazwa kuwa ya moyo wa taifa na kusimamiwa kwa adhabu. Wazo lenyewe lilikuwa zuri, maana watu wa mto walisaidiana kujenga na kuvua tangu kale. Lakini mkono ulioamrishwa huhesabu saa, mkono ulioombwa hutazama kazi. Mpaka leo, asubuhi ya salongo, utaona mfereji uliosafishwa mbele ya ofisi na mfereji uliojaa takataka nyuma yake. Lawama ya uvivu hapo si ya haki. Watu waliofundishwa kwa vizazi vitatu kwamba kazi ya wote ni mali ya mkubwa hawawezi kuipenda kwa tangazo moja.

Wa pili alikuwa mwenye bunduki, na huyu alijua kuita kuliko wote. Tarehe 15 Machi 1997 waasi wa AFDL waliingia Kisangani, na katika safu zao walikuwemo kadogo, watoto wenye silaha zilizowazidi urefu. Baadhi walitekwa. Wengi walijiunga kwa hiari, na hapo ndipo pa kutafakari. Walitoa kile kile anachokitoa kijana wa kituo cha klorini: nguvu, utiifu, hamu ya kuwa sehemu ya jambo kubwa. Aliyewaita aliwapa sare, jina na kazi siku hiyo hiyo. Mtaa wao haukuwa umewaita kwa lolote. Kijana asiyeagizwa na jirani ataagizwa na mgeni.

Wa tatu ni mwenye fedha, na huyu anastahili kupimwa kwa upole, kwa kuwa mara nyingi alikuja kuokoa. Vita vilileta mashirika, mashirika yakaleta semina. Semina ikawa na posho, posho ikawa na orodha, na orodha ikawa na wenyewe. Katika mitaa mingi leo, ukimwita kijana kwenye kazi ya hiari, swali lake la kwanza ni posho ngapi, na la pili ni nani anayeandika majina. Asichekwe. Amejifunza alichofundishwa. Hata hivyo pana tofauti kati ya kulipa gharama na kununua kazi. Nauli ya toleka (baiskeli ya abiria), sabuni, glavu, kikombe cha uji saa nne: hivyo vinamwondolea kijana hasara, wala moyo wake haujauzwa. Lakini pesa ikiwa ndiyo sababu ya kuja, siku mradi unapofungwa na kazi inafungwa, na kipindupindu hakifuati kalenda ya mradi.

Amri ilichukua mikono, bunduki ikachukua maisha, posho ikachukua nia. Zote tatu zilifanikiwa kwa sababu zilifika mapema. Mtaa hufika wa mwisho, tena ukiwa na lawama mkononi: vijana wa siku hizi hawana adabu, wanakaa vijiweni, wanageuka kuluna, wahuni wa magenge. Mtu hawezi kuvuna alipopita tu.

Ipo kazi nyingine inayosubiri, tulivu kuliko ya ufukweni, na ya kudumu zaidi. Septemba 2019 serikali ilianza kuzifanya shule za msingi za umma kuwa za bure. Ulikuwa uamuzi wa haki, na matokeo yake yalionekana mara moja: watoto walijaa madarasani kuliko madawati, na mwalimu mmoja akabaki na sura asizoweza kuzijua zote. Mtoto anayefika mwaka wa sita bila kujua kugawanya hana wa kumrudisha nyuma. Lakini parsele ya tatu kutoka kwao anaishi msichana wa sekondari anayejua.

Mweke msichana huyo chini ya mwembe, saa tisa alasiri, na watoto wanane, kipande cha ubao kilichopakwa rangi nyeusi na chaki mbili. Anaandika 52 kutoa 27. Anawaambia kama alivyoambiwa: mbili haitoshi, nenda jirani ukakope. Mtoto mmoja anauliza: anakopa moja, mbona inakuwa kumi? Na atarudisha lini? Msichana anasita. Kwa miaka minane amekopa bila kuuliza. Anachukua vijiti, anavifunga kumi kumi, anafungua fungu moja mbele yao, anahesabu polepole. Mtoto ameelewa. Na yeye pia ameelewa, kwa mara ya kwanza. Hakuna mradi unaohitajika kwa hilo, wala gari lenye bendera. Anahitajika mwenye mwembe aliyekubali kelele saa mbili kwa wiki.

Lakini kwanza tumtazame msichana mwenyewe kabla ya kumsifu. Huenda ameamka kabla ya wote, amechota maji, amefagia, ametwanga sombe, amembeba mdogo wake. Kazi isiyolipwa anayo tayari tangu utotoni, na hakuna aliyemwandikia cheti. Kumwita ajitolee ni kumwongezea mzigo, isipokuwa mtu nyumbani amempunguzia mwingine. Anayejitolea hutoa muda kwanza, na muda haukugawiwa sawa. Kaka yake anayeendesha toleka kulipia karo, naye asiambiwe hana moyo kwa kuwa Jumamosi haonekani. Tukitaka alasiri ya msichana, kaka na baba wachukue ndoo. Bila hivyo, kujitolea kunakuwa starehe ya watoto wa wenye nafasi na adhabu nyingine ya wasio nayo.

Na kuna kazi ambazo kijana hata akiziomba asipewe. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa mizinga katikati ya Kisangani, na maelfu ya mabomu yakaanguka juu ya nyumba za watu wasiohusika. Waliotoka kuokota majeruhi na kuzika maiti walikuwa wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu. Mji una deni kwao. Lakini kuzika jirani aliyepasuliwa ni jambo linalokaa na mtu, na wa miaka 15 hana pa kuliweka. Vivyo hivyo kupokea wakimbizi. Mgogoro wa makabila ya Wambole na Walengola ulipowaka Lubunga, komini ya Kisangani, mwaka 2023, familia zilivuka mto na kujihifadhi upande wa pili wa mji. Kijana anaweza kucheza mpira na watoto wao, kuwasomea, kuwachotea maji. Kuwahoji waliochomewa nyumba, kutuliza ugomvi kwenye foleni ya chakula, kulinda ghala usiku, hayo ni ya watu wazima. Sheria ya ulinzi wa mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto ni kila asiyetimiza miaka 18. Ari yake haimpunguzii utoto. Anayempenda kijana humkatalia baadhi ya ushujaa.

Kwa hiyo anayetaka kuwaita vijana wa Basoko, au wa Mangobo na Kabondo huko Kisangani, aanze padogo. Ampe kila mmoja kazi ambayo mwisho wake unaonekana: mfereji kutoka kona hii hadi ile, watoto wanane hadi siku ya mtihani, kivuko kimoja kwa msimu wa mvua. Asiseme kusafisha mji, kwa maana mji hausafishwi ukaisha, na kijana hukata tamaa na kazi isiyo na ukingo. Amwachie sehemu ya kuamua. Wavuvi Wagenia wa maporomoko ya Boyoma, Kisangani, hawamweki kijana kando ampe baba kamba maisha yake yote. Iko siku naye anapanda juu ya miti iliyosimikwa majini kushikilia mitego, maji yakinguruma chini, akafunga fundo ambalo wengine wataliegemea. Kuaminiwa kwa fundo moja humkuza kijana kuliko hotuba nyingi za kumsifu.

Na sifa yenyewe itolewe kwa kipimo, kama klorini. Ikikosekana kabisa, kijana anahisi ametumiwa. Ikizidi, atafanya kazi mbele ya kamera tu. Njia ya kati ipo na ni rahisi: karatasi yenye muhuri wa chefu wa kartie (mkuu wa mtaa), jina la kijana, kazi aliyoifanya, miezi aliyodumu. Siku atakapoomba kazi ya mshahara na kuulizwa alikowahi kufanya kazi, asiwe na mikono mitupu.

Tena kazi isianze mpaka amepatikana mtu mzima mmoja wa kuisimamia, anayejulikana, ambaye hatabadilishwa kila wiki. Huyo anashika ufunguo wa sanduku la glavu, anajua nani amekuja na nani anaumwa, anarudisha nyumbani aliyechoka. Na mama akija jioni kuuliza mwanawe yuko wapi na atarudi saa ngapi, yeye ndiye anayejibu.