Darubini ya Kwenda Nayo

Mtu aazimiapo kujiundia darubini kwa mikono yake mwenyewe, swali la kwanza limjialo aghalabu ni kioo chake kiwe na upana gani. Nami, baada ya kulipima swali hilo jioni nyingi kwa kalamu na karatasi, nimeona kuwa lastahili kuwa la pili, na kwamba la kwanza ni nani atakayekibeba chombo hicho, na kwa usafiri gani.

Hesabu yenyewe haina upendeleo. Kioo cha sentimita 20 hukusanya nuru mara 1.8 hivi ya kile cha sentimita 15, kwani nuru hufuata mraba wa upana. Lakini uzito, ikiwa unene nao umekua kwa kadiri ile ile, hufuata mchemraba wake, ukafika mara 2.4, na sanduku na kitako havina budi kunenepa vivyo hivyo. Kwa mwenye gari na vijana wa kumsaidia hilo si neno. Kwa mimi nitegemeaye basi la Pangani, ndiyo tofauti baina ya darubini itokayo na darubini ikaayo. Nikaridhika na kioo cha sentimita 15, kikutanishacho nuru umbali wa sentimita 120.

Rai hii ina wazee wake. John Dobson, aliyezaliwa Beijing mwaka 1915 na kuingia utawa wa Vedanta mjini San Francisco mwaka 1944, alisugua vioo vyake kutokana na vioo vizito vya madirisha ya meli, akavitia katika mabomba ya karatasi ngumu, akavisukuma kwa magurudumu hadi mitaani ili wapita njia wautazame Mwezi. Mwaka 1967 alitolewa katika utawa huo, naye akaendelea barabarani mpaka uzeeni. Kitako alichokieneza ni sanduku la mbao lizungukalo juu ya ubao, na bomba liinukalo na kuinama ndani yake, basi.

Kitako hicho chatufaa hasa sisi wa Tanga. Vile vya gharama hutaka mhimili uelekezwe kwenye ncha ya mbingu. Na hapa, digrii 5 kusini ya Ikweta, mhimili huo ungelala karibu sawa na sakafu, ilhali Nyota ya Kaskazini, waitegemeayo wenzetu wa Ulaya, i chini ya upeo wa macho.

Fundi seremala wa mtaani kwetu alipoiona michoro aliuliza, "Mzee, jeneza la nani hili?" Lakini ndiye aliyelikata bomba likawa sanduku fupi la kushika kioo, na pete ya juu ya kushika kioo kidogo, na baina yao nguzo za alumini zifunguliwazo kwa parafujo. Wakati wa safari pete huingia sandukuni, na nguzo hufungwa kamba; ikishaungwa, buibui kuukuu alilonigawia mke wangu huzungushwa nguzoni kuzuia mwanga wa taa za majirani. Tuliiunga yote, lenzi ya jicho ikiwa mahali pake, tukailaza juu ya mpini wa ufagio, tukaisogeza kidogo kidogo mpaka ikatulia bila kuinamia upande wowote. Pale pale, karibu zaidi na kioo kuliko nilivyodhani, fundi akapiga alama ya penseli kwa ajili ya ekseli. Chini tuliweka vipande vitatu vya tefloni juu ya fomika, ili kidole kimoja kiisogeze, na kidole kikiondoka isitambae.

Ada ya kuikunja ni kwamba kila iungwapo vioo sharti vilinganishwe upya, kazi ya dakika chache kwa parafujo tatu za nyuma, wakati watoto wanasukumana kwenye foleni. Kwa lenzi ya milimita 25 hukuza mara 48, na pete za Zohali huonekana zimejitenga na sayari yenyewe. Fundi sasa ameiomba, aipeleke Mkwaja kwa wakwe zake mwezi ukiandama. Nami nimemfungia na bisibisi, na parafujo za akiba.