Tuwahesabu Mashahidi au Tuwapime?



Siku hizi wengi wetu hununua vitu kwa watu tusiowaona. Kijiji chataka mashine ya kusaga mihogo. Wazee wakusanya franka za kila nyumba. Kisha kijana mwenye simu asoma katika intaneti habari za kampuni inayoziuza. Hapo akuta maneno ya wanunuzi waliotangulia. Mmoja asifu: ni kampuni njema kupita zote. Mwingine alalamika: ni wezi, msiwape fedha zenu. Tena pana nyota, tangu moja hata tano, kama alama ambazo mwalimu huziandika katika daftari. Je, amwamini nani?

Swali hili si la biashara tu, ni swali la haki. Tukisadiki sifa za uongo, fedha za wajane zapotea. Tukisadiki lawama za uongo, twamnyima riziki mwuzaji mwaminifu, nasi twashiriki kosa la aliyemsingizia.

Wengi hujibu: “Tuwahesabu. Wakisifu mia na kulaumu watatu, kampuni ni njema.” Je, hesabu hiyo yatosha? La. Sikilizeni jambo lililotokea London, mji mkuu wa Uingereza, mwaka 2017. Mwandishi mmoja, jina lake Oobah Butler, alikaa katika kibanda bustanini. Hapo zamani alikuwa amelipwa fedha ili aandike sifa za mikahawa ambayo hakula chakula chake. Basi akataka kujua: je, yawezekana watu kuusifu mkahawa usiokuwako? Akakiandikisha kibanda chake kama mkahawa katika TripAdvisor, mahali pa intaneti ambapo wasafiri huandika maoni yao. Akapiga picha za vyakula vilivyofanyizwa kwa rangi na povu la kunyolea ndevu. Akawaomba rafiki zake waandike sifa. Tarehe 1 Novemba mwaka uleule kibanda kile kikawa cha kwanza katika orodha ya mikahawa ya London, iliyozidi 18,000. Watu wakapiga simu kuomba nafasi, naye akawajibu kwamba nafasi zote zimejaa. Fikirini, ndugu: sifa nyingi namna hiyo, wala hapakuwa na mgeni hata mmoja aliyekula!

Kosa lilikuwa wapi? Watu waliwahesabu mashahidi, hawakuwapima. Mashahidi mia waliotumwa na mtu mmoja ni shahidi mmoja tu.

Katika Kitabu cha Danieli mna mfano wa hekima. Wazee wawili walimshtaki Suzana kwa uongo, nao watu wakawasadiki, kwa kuwa walikuwa wawili, tena waamuzi wenye heshima. Lakini Danieli, angali kijana, aliwatenga kila mmoja peke yake, akawauliza neno moja dogo: jambo hilo mliliona chini ya mti gani? Mmoja akataja mti huu, mwenzake akataja mti mwingine. Uongo ukafichuka, na mtu asiye na kosa akaokoka na kifo.

Nasi tufanye vivyo hivyo.

Kwanza, tuulize shahidi ameona nini. Asemaye “kampuni nzuri sana” hajatuambia kitu. Lakini asemaye kwamba aliagiza mashine mwezi wa tatu, ikafika mwezi wa tano, mkanda wake ukakatika, akaletewa mwingine bila malipo, huyo ametupa neno la kuchunguza.

Pili, tuwatenge mashahidi. Sifa ishirini zilizoandikwa siku moja, kwa maneno yaleyale, na watu wasioandika kamwe neno juu ya kitu kingine, yawezekana zimetoka katika mkono mmoja. Walioona kweli hupatana katika jambo lenyewe, lakini kila mmoja hulieleza kwa kinywa chake.

Tatu, tuulize faida ni ya nani. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Wako wauzaji wanaonunua sifa zao wenyewe, na wako wanaonunua lawama juu ya wenzao. Ndiyo maana Marekani ilitoa sheria mwaka 2024, inayotumika tangu tarehe 21 Oktoba mwaka huo, kukataza ushuhuda wa uongo usiuzwe wala kununuliwa, uwe wa kusifu au wa kulaumu.

Nne, tutazame kampuni yajibu nini. Hata fundi mwema hukosea. Anayekiri kosa na kulitengeneza si sawa na anayemtisha mlalamikaji ili anyamaze. Na kabla ya kutoa fedha, tumtafute mnunuzi mmoja tunayeweza kusema naye, tumwulize: mashine yako yasaga hata leo?

Labda mmoja wenu atasema: “Mwalimu, kama uongo ni mwingi hivi, heri nisimsadiki mtu yeyote.” Jibu hilo lafanana na busara, walakini si haki. Kwani kati ya walalamikaji yumo maskini aliyeibiwa kweli, asiye na wakili, ambaye hana silaha ila neno lake. Tukiziba masikio kwa sababu ya waongo, twamwonea mara ya pili. Kumkataa kila mtu ni rahisi sawasawa na kumsadiki kila mtu. Njia zote mbili zatuondolea kazi ya kupima.

Tena, iko siku ambayo sisi wenyewe tutakuwa mashahidi. Tukidanganywa, je, tunayo ruhusa ya kusema? Ndiyo, na mara nyingi yatupasa kusema, ili jirani asianguke katika shimo lilelile. Lakini tuseme tuliyoyaona: siku, bei, ahadi waliyotupa na jibu lao. Tusimwite mtu mwizi ikiwa mzigo wake umecheleweshwa na mvua iliyokata barabara. Naye akiisha kutengeneza kosa lake, turudi tukaandike hilo pia. Amri ya nane haihusu baraza la hukumu tu. Yahusu pia neno tunaloliandika kwa kidole juu ya kioo cha simu, hata kama tumelificha jina letu.