Haki ya Mgeni na Haki ya Mji

Wahenga wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Watu wengi hulitaja neno hili kila yanapozungumzwa mambo ya watalii, wakadhani limekwisha kukata hukumu: wageni wamekuja, basi wenyeji wamepona. Lakini neno lenyewe lina sharti ndani yake, nalo ni huko kupona. Twauliza basi: mji unapomtoza mgeni ada, je, ni haki? Na ikiwa ni haki, fedha ile ni mali ya nani?

Wako wasemao kwamba kumtoza mgeni ni aibu, kwani ukarimu hauuzwi. Maneno haya ni mazuri, ila yachanganya watu wawili. Mgeni ajaye nyumbani kwako kwa ajili yako, haki yake ni chakula na malazi, na dini yetu imempa siku tatu za kukirimiwa. Ama yule aliyenunua safari kwa mfanyi biashara, akalala katika hoteli ya kulipia, huyo hakuja kwa ukarimu wa mtu. Naye hutumia maji ya mji, njia za mji na gati ya mji. Kumtaka achangie gharama ya vitu hivyo si kumvunjia hishima, bali ni insafu.

Lakini ada peke yake haiponyi mji. Katika Italia, mji wa Venice ulianza mwaka 2024 kumtoza Euro 5 mgeni wa kutwa asiyelala mjini, katika siku zilizochaguliwa. Wakaazi wa sehemu ya kale ya mji ule, ambao mwaka 1951 walikuwa kiasi cha 175,000, walikuwa wamekwisha kupungua hata chini ya 50,000 mwaka 2022. Nyumba nyingi zimegeuzwa za kupangisha wageni, na ada imekuja baada ya majirani kuondoka.

Na sisi tutazame Lamu. Mji Mkongwe ule ulipoandikwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, haukusifiwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko tu, bali pia kwa kuwa ungali ukikaliwa na kudumisha mila zake. Hata hivyo nyumba nyingi za Lamu na Shela zimekwisha kununuliwa na watu wa mbali. Maji ya mji nayo yategemea mchanga wa Shela, ambao huchuja mvua na kuihifadhi chini yake. Kila kinachojengwa juu ya mchanga ule chagusa kikombe cha mtu ambaye pengine hapati hata senti moja kwa mtalii.

Ada nazo zaenda wapi? Kwa Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, hoteli hutoa asilimia 2 ya mapato yake kwa Hazina ya Utalii ya taifa. Kiingilio cha hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, hukusanywa na Shirika la Wanyama Pori. Hatusemi kwamba fedha hizi hazina faida kwa nchi. Lakini mvuvi ambaye mahali alipotupa wavu babu yake pamekuwa pa wageni kutazamia samaki, ana haki ya kuuliza fungu lake.

Kwa rai yetu, ada ya mgeni ni amana, na amana ina masharti. Kwanza, irudi pale penye uzito: kwenye maji, taka, gati, na riziki ya mvuvi. Pili, hesabu yake isomwe hadharani, kwani Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 201, imetaka uwazi na ushiriki wa watu katika fedha za umma. Tatu, isifanywe bei ya hishima yetu. Aliyelipa amelipia njia. Hakununua ruhusa ya kupita nusu uchi mbele ya msikiti, wala ya kumpiga picha mwanamke mlangoni pake bila idhini yake.

Wala tusiwalaumu wageni peke yao, kwani nyumba haijiuzi. Muuzaji ni mtoto wa mji, na mara nyingi si tamaa iliyomsukuma, bali ni warithi kumi na paa moja livujalo, wala hapana mmoja wao awezaye kulitengeza. Wazee wetu waliweka nyumba wakfu wakijua dhiki kama hii. Hapa ndipo ada ingefaa kuliko popote: fungu lake liwatengezee warithi paa, kwa sharti kwamba nyumba ikaliwe na wenyewe wala isiuzwe.

Basi kaunti itakapowaita watu kusikiliza makadirio ya fedha, tusikae barazani tukinung'unika. Twende, tuulize mambo mawili: ni kiasi gani kilichopatikana kwa wageni, na kimetengeza nini mitaani mwetu? Wala tusiridhike na jibu la kwanza mpaka tupewe la pili.